Yule nyigu wa Kisongo hakuwa sababu ndogo

Mhariri, habari za kazi. Naomba nafasi gazetini kwako, najua barua za wasomaji mnazipenda fupi ila hii nimejaribu kuipunguza nikashindwa.

Wiki iliyopita mlitoa barua ya ndugu mmoja aliyelalamika kwamba ndege yake ndogo ya kwenda Seronera, Serengeti, ilichelewa saa moja na nusu pale uwanja wa Kisongo hapa Arusha eti kwa sababu ya mdudu, akauliza ndege yenye injini nzima, mabawa mazima na mafuta yamejaa inazuiwaje na nyigu. Sasa mimi asubuhi ile nilikuwepo. Nilimsindikiza binti wa dada yangu anayefanya kazi kambi moja ya watalii huko porini, na huyo ndugu nadhani namkumbuka kabisa, alikuwa na haraka na simfichi kwamba hata mimi ningekuwa na mkutano unanisubiri ningekasirika. Ila kazi ya fundi wa vipimo vya ndege ndogo nimeifanya mpaka nywele zimeota mvi, na siwezi kukaa kimya watu wakimsema vibaya rubani aliyefanya kitu sahihi kuliko vyote siku ile.

Niliona hivi. Rubani, kijana mdogo tu, alikuwa anaizunguka ndege yake kama inavyotakiwa kila asubuhi, anagusa hiki anatikisa kile, akafika chini ya bawa la kushoto akainama kuchungulia kile kibomba kinachotokeza mbele, akatoa simu akawasha tochi akachungulia tena, halafu akasimama akaweka mikono kiunoni. Nikamwambia mpwa wangu, mama, agiza chai nyingine.

Akaja fundi na kiboksi chake. Kitu cha kwanza nilichokipenda ni kwamba hakupuliza kwa mdomo, manake wapo wanaopuliza, na ukipuliza kibomba kikiwa bado kimeungana na vipimo vya ndani unaweza kuharibu kipimo chenyewe pale pale. Alifungua kwanza mpira wa kupitishia hewa kwa nyuma, akatenganisha, ndo akausukuma uchafu utokee mbele. Kikatoka kidonge cha udongo kama punje ya hindi, kikavu, akakipasua kwenye kiganja na ndani mlikuwa na buibui wawili wadogo, wamelala, hawajafa na hawako hai sawasawa. Ni wale nyigu wembamba wenye kiuno kama uzi, wanaojenga vijumba vya udongo kwenye kona za madirisha yetu, kila mtu anawajua. Anamchoma buibui anampooza, anamfungia humo pamoja na yai lake ili mtoto akianguliwa akute chakula. Kwa nyigu tundu la kibomba cha ndege ni nyumba iliyokwisha jengwa, kazi yake ni kuweka mlango tu. Na hahitaji wiki nzima, ndege ikishinda mchana mmoja juani bila kofia ya kufunika kibomba inatosha.

Sasa hicho kibomba ni nini. Mafundi tunakiita pito, kwa jina la Mfaransa Henri Pitot aliyebuni bomba la namna hiyo mwaka 1732 akipima kasi ya maji ya mto Seine pale Paris, ndege zenyewe hazijaota hata kichwani mwa mtu. Ukipanda Noah, yale magari madogo ya abiria, ya kwenda Moshi ukatoa kiganja nje ya dirisha unasikia hewa inakisukuma, dereva akikanyaga mafuta inasukuma zaidi, na ukifumba macho bado unaweza kukisia Noah inakimbia kiasi gani kwa jinsi mkono unavyorudishwa nyuma. Pito ndo kiganja cha ndege. Ila kuna jambo moja zaidi, hewa ina presha yake yenyewe hata ndege ikiwa imesimama, na hiyo inaingia kwenye pito pamoja na ule msukumo wa mwendo, kwa hiyo lazima itolewe ibaki presha ya mwendo peke yake. Ndo maana ubavuni mwa ndege kuna vitundu vingine vidogo, vinaitwa statiki, havielekei mbele, vinapokea presha ya hewa iliyotulia tu.

Ndani ya kipimo cha spidi kuna kikopo cha bati jembamba sana, kimekunjwakunjwa kama kinanda cha mkono. Hewa ya pito inaingia ndani ya kikopo, hewa ya statiki inajaa nje ya kikopo, vile viwili vinashindana na kikopo kinavimba kwa ile tofauti tu, vigiya vidogo kama vya saa ya mkononi vinapokea huo mvimbo vinazungusha mshale. Basi, hamna umeme hapo hamna kompyuta, ni hewa na bati. Mara ya kwanza nilipofungua kipimo kile nilipewa na fundi aliyenifundisha, akaniambia weka kidole gumba taratibu juu ya kikopo, nikaweka, mshale ukaruka mpaka mwisho kwa kuguswa tu. Kitu chenyewe ni chepesi namna hiyo, ndo mtu anataka kukipuliza kwa mapafu mazima.

Altimeta, yaani kipimo cha kimo, inatumia vile vitundu vya statiki peke yake. Vikopo vyake vimezibwa kabisa, ndani karibu hamna hewa, ndege ikipanda hewa ya nje inapungua uzito vikopo vinatanuka mshale unapanda. Jambo hili wapagazi wetu wa Marangu wanalijua bila kufundishwa darasani, pakiti ya biskuti iliyofungwa Moshi ikifika kambi ya Horombo mlimani Kilimanjaro, mita 3,720, imevimba kama mpira, na chupa tupu ya maji ukiifunga kizibo huko juu ukashuka nayo inarudi mjini imebonyea. Na ukishuka kutoka Karatu kwenda Mto wa Mbu masikio yanaziba yanazibuka, hilo nalo ni altimeta, la kwako. Pale Kisongo tupo futi kama 4,550 kutoka usawa wa bahari, presha ya hewa ni kama hektopaskali 860 wakati baharini kwa kawaida ni 1013, na KIA, uwanja wa kimataifa wa Kilimanjaro, ambako si mbali ni futi 2,900 na kidogo. Kwa hiyo ndege inayotoka KIA kuja Kisongo inakuja kutua futi 1,600 juu zaidi ya ilikotoka na mshale lazima uonyeshe hivyo. Kwenye altimeta kuna kidirisha kidogo ambacho rubani anaweka presha ya siku hiyo anayopewa na mnara wa kuongozea ndege, akikosea hektopaskali 10 tu mshale unamdanganya karibu futi 300, na futi 300 kwenye nchi ya milima kama hii mnajua wenyewe.

Na hewa nyepesi ya huku kwetu inakigusa mpaka kipimo cha spidi. Kwa kuwa hewa ni chache kiganja kinasukumwa kidogo, mshale ukisema noti 60, noti ndo maili ya baharini kwa saa, kwa kweli ndege inakwenda kama 65 pale Kisongo, na jua likiwaka zaidi inapita hapo. Bawa lenyewe halijali, linabebwa na ule ule msukumo unaosomwa na mshale, ila magurudumu yanajua na breki zinajua, ndo sababu rubani wa Arusha anahesabu urefu wa barabara yake ya kurukia kuliko rubani wa Dar.

Kipimo cha tatu kinachokula hewa hiyo ni cha kupanda na kushuka, chenyewe kina tundu dogo la kuvujisha hewa taratibu kwa makusudi, kinapima inavuja haraka kiasi gani. Nakipita.

Turudi kwa nyigu. Ndugu msomaji aliuliza kibaya zaidi kingekuwa nini. Tundu la mbele likiziba lakini kitundu kidogo cha kutolea maji kilichopo kwenye hicho kibomba kikabaki wazi, mshale wa spidi unaanguka sifuri, hapo rubani anaona mapema na anasimamisha kabla hajaondoka. Vikiziba vyote viwili hewa inafungiwa ndani, na hapo ndo naogopa mimi. Ndege inapanda, hewa ya nje inapungua, ile iliyofungiwa haipungui, kikopo kinavimba kwa kuwa nje kumelegea na mshale wa spidi unapanda, rubani anaona spidi inaongezeka wakati haiongezeki. Mtu akiona spidi imezidi anafanya nini? Anapunguza moto wa injini anainua pua. Na ndege ambayo kweli ilikuwa inakwenda polepole sasa inakwenda polepole zaidi mpaka mabawa yanashindwa kuibeba.

Hili limetokea. Tarehe 6 Februari 1996 Boeing 757 iliondoka Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika, usiku, kipimo cha spidi cha kapteni hakikufanya kazi wakati inakimbia kwenye barabara ya kurukia, na waliliona hilo, lakini wakaendelea. Walipopanda kikaanza kusoma, kikasoma spidi kubwa kupita kiasi, wakachanganyikiwa kipi cha kuamini, ndege ikapoteza mwendo ikaanguka baharini watu wote 189 wakafa. Ndege hiyo ilikuwa imeegeshwa muda bila kofia za pito, vibomba vyenyewe havikupatikana, ila wachunguzi walisema kilichoelekea zaidi kuziba ni udongo wa nyigu, ukoo mmoja na huyu wa kwetu. Mimi nilisoma habari ile nikiwa kazini na kuanzia siku hiyo nikichungulia pito nachungulia mara mbili.

Mwaka huo huo, tarehe 2 Oktoba, ndege kama hiyo ilitoka Lima nchini Peru. Walioiosha walifunika vile vitundu vya statiki kwa mkanda wa kubandika ili maji yasiingie, kazi nzuri, ila hawakuutoa, na hakuna aliyeuona usiku ule. Altimeta na kipimo cha spidi vyote vikawa vinasema uongo, marubani wako juu ya bahari hawaoni kitu chini, mshale unasema futi 9,700 na bawa linagusa maji. Watu 70. Kipande cha mkanda.

Kwa hiyo saa moja na nusu ya Kisongo naomba tuiweke hapo.

Lakini vipimo vya hewa ni nusu ya habari, kwenye ndege nyingi ndogo mbele ya rubani kuna saa sita, yaani vipimo sita vya mviringo, tatu za hewa nilizozisema na tatu nyingine za jairoskopu, na hizi kwa kweli ndo nilizipenda kazini. Nani utotoni hajacheza pia, kile kidude cha kuzungusha? Pia ikizunguka kwa kasi inasimama wima kwenye kijincha chake, unaipuliza haianguki, ikichoka ndo inaanza kuyumba. Au chukua gurudumu la baiskeli, lishike ekseli mikono miwili mwenzako alizungushe kwa nguvu, kisha jaribu kuliinamisha, utaona linakataa, na linapokubali haliendi ulikolisukuma, linageukia upande mwingine, robo mzunguko mbele. Kukataa huko na kugeuka huko ndo vinaendesha saa tatu zile. Ndani kuna kigurudumu kizito cha chuma kinazunguka mizunguko zaidi ya 10,000 kwa dakika, kimening'inizwa kwenye fremu zinazogeuka kila upande, ndege inalala inainuka inageuka, chenyewe kimebaki pale pale, na kwa kuwa kimebaki pale pale kinamwonyesha rubani ndege imelalaje. Moja inaonyesha mstari wa mbingu na ardhi, nyingine uelekeo, ya tatu, inayotumia kule kugeuka kwa gurudumu, inaonyesha ndege inavyokata kona.

Kwani macho ya rubani hayatoshi? Nje ya mawingu yanatosha. Lakini mwezi wa sita na wa saba mnajua mawingu ya Arusha yanavyoshuka, mlima Meru wote unapotea, na ukiwa ndani ya wingu sikio la ndani linalokupa mizani linadanganya, ndege ikikata kona taratibu bila kubadilika kwa kama nusu dakika mwili unaamini imenyooka, rubani akiinyoosha kweli mwili unamwambia sasa umelala upande wa pili. Ndo maana lile jaribio la Mmarekani Jimmy Doolittle lilikuwa kubwa sana, tarehe 24 Septemba 1929 alifunikwa ndani ya ndege asione nje kabisa, akaruka akazunguka akatua kwa kutazama vipimo tu, wakiwemo jairoskopu za kina Sperry na altimeta ya Paul Kollsman. Kabla ya hapo wingu lilikuwa ukuta.

Kwenye ndege nyingi za zamani kidogo hicho kigurudumu kinazungushwa na hewa, injini inaendesha pampu ya kufyonza, hewa inaingia kupitia kichujio inapiga vibawa vya kigurudumu kinazunguka. Na hapa vumbi letu linaingia kwenye hesabu. Viwanja vya porini vumbi lake ni kama unga, kichujio kikijaa mfyonzo unashuka, inatakiwa kati ya inchi 4.5 na 5.5 hivi kwenye geji yake, ukishuka chini ya hapo kigurudumu kinachoka kama pia. Na ubaya wake hakisimami ghafla. Kinachoka polepole, ule mstari wa mbingu unaanza kuinama kidogo kidogo na rubani aliye ndani ya wingu anaufuata kidogo kidogo akidhani anainyoosha ndege. Kwa sababu hiyo kipimo cha kukata kona kwa kawaida kinaendeshwa na umeme, ili pampu ikifa kibaki hata kimoja cha kusema kweli, na rubani mzuri hatazami saa moja, anazungusha macho zote sita akiziulizia habari, inayopingana na wenzake ndo anaishuku.

Kile cha uelekeo nacho kinahama chenyewe kwa kusuguana, lazima kilinganishwe na dira kila baada ya dakika kama 15. Sehemu nyingine ya kuhama inatokana na dunia kuzunguka chini yake, na hapa sisi tumebarikiwa, kwa kuwa tuko karibu na ikweta dunia inakihamisha nyuzi moja tu au pungufu kwa saa, wakati London ni karibu 12. Nilipoambiwa hilo kazini nilitoka nje nikatazama chini ninapokanyaga, sina maelezo mengine.

Najua kuna atakayesema siku hizi ndege zina skrini, mambo ya mishale yamepitwa. Skrini zipo na ni nzuri, jairoskopu zake hazina hata kigurudumu. Lakini spidi na kimo kinachoandikwa kwenye skrini hiyo kinatoka kwenye kibomba kile kile na vitundu vile vile. Mwaka 2018 ndege kubwa ya kisasa kabisa aina ya Airbus A330 iliondoka Brisbane, Australia, kofia za pito zikiwa bado zimevishwa, zilivishwa kwa ajili ya nyigu wa huko, ikaruka bila kujua spidi yake na ikarudi kutua salama kwa shida. Kwa hiyo kofia bila macho nayo haitoshi, mtu lazima ainame achungulie, kama yule kijana.

Mhariri, nina maombi mawili matatu. Habari zikija kwamba ndege imechelewa au imerudi kwa hitilafu ndogo ya kipimo msiandike ndogo, ulizeni kipimo gani kisha mwandike hicho. Wasafiri na wasindikizaji, tunapopiga picha na ndege pale Kisongo na Moshi tusishike kile kibomba, nimeona mtu amening'iniza mkoba wake hapo na mwingine amemwinua mtoto achungulie huku akiingiza kidole, kwanza kina hita ya kuyeyusha barafu, rubani akiwa ameiwasha kinaunguza mkono kweli kweli. Na wenzangu wa viwanja vya porini, kofia ya pito yenye ule utepe mwekundu ikichanika msiitupe mkaacha hivi hivi, shoneni nyingine hata ya turubai, fundi cherehani yeyote anaiweza.

Kwa walimu wa sayansi wa Arusha na Moshi, nina altimeta moja ya zamani isiyoruhusiwa tena kupanda ndege, kioo chake kimefunguliwa na vikopo vinaonekana. Nikiiweka kwenye begi nikapanda Noah kutoka Moshi mjini mpaka Sakina nikifika mshale umepanda, wanafunzi wanaweza kuuona kwa macho. Anayeihitaji kwa siku moja aulize ofisini kwako mhariri, naileta mwenyewe pamoja na gurudumu la baiskeli.

Fundi mstaafu wa vipimo vya ndege,
Sakina, Arusha